Bangili, mashine ya presha na modeli ya kompyuta: CPN (kliniki ya wajawazito) ya mtaani ianze na kipi?

Swali limetoka kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya kimoja cha Katuba, Lubumbashi. Kwa ufupi anaandika hivi: "Wanafunzi wa uhandisi wametuletea bangili ya mkononi waliyoitengeneza kwa chipu ya MAX30102 na kompyuta ndogo ya ESP32. Inasoma mapigo ya moyo, oksijeni na joto la mama mjamzito na kutuma namba kwenye simu. Wana pia programu waliyoifundisha kwa data ya akina mama 1,014 wa Bangladesh, wameipakua kwenye intaneti. Inajibu hatari ndogo, ya kati au kubwa, na wanasema iko sahihi kwa asilimia 92. Sisi tunapokea akina mama 50 hivi kila siku ya CPN, siku mbili kwa wiki. Umeme wa SNEL unakatika, intaneti ni ya simu tu. Tuipokee? Kama hapana, tuanze na nini?"

Jibu:

Mama Muuguzi, bangili hiyo msiitumie kuamua lolote juu ya mama mjamzito. Wanafunzi lakini msiwaache waondoke: kazi ya kuwapa ipo, tena ni nzito kuliko hiyo waliyoileta. Mpangilio ninaousimamia ni huu: kwanza kipimo cha kweli, kisha kanuni chache zinazomwamsha mtu, na modeli inayojifunza ije mwisho, ikiwa imelelewa na data ya kituo chenu wenyewe.

Tuanze na sensa. MAX30102 hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 660 na wa infraredi wa nanomita 880, kisha husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi. Hapo hupatikana mapigo na makadirio ya oksijeni. Presha haimo. Na kati ya mambo yanayowaua akina mama wajawazito na wazazi, kutokwa damu na kifafa cha mimba viko mstari wa mbele, na dalili ya kwanza ya kifafa cha mimba mara nyingi ni presha. Mama anaweza kukaa mbele yenu ana mapigo 84, oksijeni 97, joto 36.8, na presha yake ni 170 kwa 112. Bangili itasema yuko salama. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko kosa lolote la programu, kwa sababu mama akiambiwa na mashine kwamba yuko salama, atarudi nyumbani na kichwa kinachomuuma.

Baadhi ya watengenezaji huongeza hesabu ya kukisia presha kutokana na umbo la wimbi la mapigo. Jumuiya ya Ulaya ya Shinikizo la Damu ilitoa msimamo mwaka 2022 kwamba vifaa visivyo na mkanda wa kujaza hewa visitumike kutambua ugonjwa wala kuongoza matibabu. Kukisia huko hutegemea kuoanishwa kwanza na mashine ya mkanda, na mishipa ya mama mjamzito hubadilika mwezi hadi mwezi, kwa hiyo mlingano wa wiki ya 16 haufai tena wiki ya 32. Oksijeni nayo ina mtego wake. Chipu hizi hufanya kazi vizuri zaidi kwenye ncha ya kidole kuliko kifundo cha mkono, na ngozi nyeusi huzifanya zisome juu kuliko ukweli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa Weusi ambao kifaa kiliwaandikia 92 hadi 96, asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli chini ya 88 katika damu. Kwa wagonjwa Weupe ilikuwa asilimia 3.6. Oksimita ya kidole iliyo ya hospitali inunuliwe, lakini isomwe kwa tahadhari hiyo: 94 kwa mama anayehema kwa shida si namba ya kutuliza moyo.

Sasa data ya Bangladesh. Inajulikana sana. Imehifadhiwa na Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wanafunzi wengi duniani huanzia hapo. Ifungueni pamoja nao kwenye kompyuta, mstari kwa mstari. Safu za vipimo ni sita: umri, namba ya juu ya presha, namba ya chini, sukari, joto, mapigo. Ya saba ni kiwango cha hatari. Tafuteni safu ya mapigo: mtakuta mistari miwili yenye mapigo 7 kwa dakika. Mtu wa mapigo 7 hakuja CPN. Kuna tarakimu iliyopotea. Umri unaanza miaka 10 na kufika 70. Sukari iliyo ndogo kabisa ni 6.0 mmol/L, ilhali mama ambaye hajala tangu usiku huhesabiwa kuwa na kisukari cha mimba kuanzia 5.1, na data haisemi nani alikula na nani hakula. Umri wa mimba haumo. Protini ya mkojo haimo. Kama ni mimba ya kwanza au ya tano, haimo. Kuumwa kichwa, kuona ukungu, maumivu chini ya kifua, vyote havimo. Wauguzi wenu humuuliza mama mambo hayo kila wiki bila kompyuta, na kompyuta hii haijawahi kuyasikia.

Kisha hesabuni marudio. Mistari 562 kati ya 1,014 inafanana kabisa na mistari mingine. Ukiiondoa hubaki 452. Mwanafunzi akigawa data kwa bahati nasibu, sehemu ya kufundishia na sehemu ya kupimia, mstari uleule huangukia pande zote mbili. Modeli inapewa mtihani ambao majibu yake ilikwisha kuonyeshwa. Waambieni waondoe marudio kwanza, kisha wagawe, kisha wapime upya. Ile asilimia 92 itashuka, na wataelewa wenyewe bila kugombana.

Kasoro iliyo chini kabisa ni safu ya saba. Maelezo ya data yenyewe yanasema kiwango cha hatari kilikadiriwa kwa kuzingatia vipimo vile vilivyotangulia. Maana yake modeli haikujifunza nani alipata degedege, nani alitokwa damu, mtoto wa nani alifia tumboni. Imejifunza kuiga kanuni ya mtu fulani. Kama kanuni hiyo ni nzuri, iandikeni kwenye karatasi na muitumie moja kwa moja. Haihitaji kompyuta kuikisia.

Na hata asilimia 92 ya kweli isingetosha kujua chochote. Chukueni akina mama 1,000, na tuseme 30 kati yao watapata dalili za awali za kifafa cha mimba. Programu inayomwambia kila mama "huna hatari" itakuwa sahihi kwa asilimia 97 na haitamwokoa hata mmoja. Sasa chukueni programu nzuri kweli, inayokamata wagonjwa 80 katika kila 100 na kuwaacha wazima 90 katika kila 100 bila kuwasumbua. Itakamata 24 kati ya wale 30, na itapiga kengele za bure kwa 97 kati ya wazima 970. Jumla kengele 121, za kweli 24: moja katika tano. Kabla ya kupokea programu yoyote, ulizeni maswali mawili. Katika wagonjwa kumi, wangapi wanapita bila kukamatwa? Na katika kengele kumi, ngapi ni za kweli? Asiyeweza kujibu hayo hajaipima.

Basi mnunue nini? Mashine mbili za presha za kujaza hewa zenyewe, za mkono wa juu, zilizothibitishwa kwa wajawazito na pia kwa wenye dalili za kifafa cha mimba. Sharti hilo la pili si urembo. Mashine nyingi zinazosoma vizuri kwa watu wa kawaida husoma chini ya ukweli kwa mama mwenye ugonjwa huu, yaani zinakosea palepale zinapohitajika. Orodha ya kimataifa ya mashine za presha zilizothibitishwa, STRIDE BP, ina sehemu ya mashine zilizopimwa katika ujauzito. Tafuteni jina la modeli hapo, si jina la kampuni tu, kwa sababu kampuni moja huuza zilizothibitishwa na zisizothibitishwa kwenye rafu moja. Microlife CRADLE VSA, iliyoundwa kwa vituo kama vyenu, ina taa tatu. Huwasha njano kwa 140/90, nyekundu kwa 160/110, na hugawanya pia mapigo kwa namba ya juu ya presha ili kukamata mama anayetokwa damu: kuanzia 0.9 ni njano, kuanzia 1.7 ni nyekundu. Hesabu hiyo mnaweza kuifanya kwa mashine yoyote. Mama aliyejifungua saa moja iliyopita, mapigo 112, presha 98 kwa 60: 112 gawanya kwa 98 ni 1.14. Presha peke yake ingekuacha umwache alale. Mgao huu unakutaka ufunue shuka uangalie damu.

Kwa nini mbili? Kila mama apimwe mara mbili, na pamoja na kufunga mkanda na kuandika ni kama dakika 4. Mara 50 ni dakika 200, zaidi ya saa tatu kwa mashine moja. Watu wakichoka huacha kipimo cha pili, na mwishowe huandika 120/80 bila kupima. Nunueni mikanda ya saizi mbili, sentimita 22 hadi 32 na 32 hadi 42, na mpime mzunguko wa mkono kwa utepe siku ya kwanza ya CPN, muuandike kwenye fishi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba na kuwapa kengele za bure. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba hushusha namba na kumficha mgonjwa. Mama akae dakika 5 kabla, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kuipandanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo, amekwenda haja ndogo, na asizungumze. Benchi lisilo na egemeo linaharibu kipimo kuliko programu yoyote mbaya. Mkiweza kununua kitu kimoja tu wiki hii, nunueni viti viwili vyenye mgongo.

Pembeni ya mashine ziwepo bandelete (vijiti vya kupimia) za mkojo. Kopo lifungwe mara tu baada ya kutoa moja, maana unyevu wa msimu wa mvua huziharibu na zinaanza kutoa majibu ya uongo, na rangi ya protini isomwe kwenye sekunde 60, si baadaye.

Sasa mashine izungumze na tableti. Hapa ndipo wanafunzi wenu wana kazi. Mashine nyingi za presha zenye Bluetooth hufuata utaratibu mmoja wa kimataifa: huduma namba 0x1810 na kipimo chenyewe kwenye 0x2A35. Baiti ya kwanza ni ya alama. Biti yake ya sifuri inasema kama namba ni za mmHg au kPa. Asiyeisoma ataandika presha ya 16 badala ya 120. Biti nyingine zinasema kama kuna tarehe, mapigo, na hali ya kipimo. Hiyo hali ya kipimo wengi huiruka, na ndiyo hazina: inaeleza kama mama alitikisika, kama mkanda ulilegea, kama mapigo hayakuwa na mpangilio. Kipimo chenye alama hizo kirudiwe, kisihifadhiwe kama vingine.

Mtego mbaya zaidi ni kumbukumbu ya mashine. Tuseme tableti imezima kwa nusu saa na mashine imepima akina mama saba. Tableti ikiwaka na kuungana, mashine hutuma vipimo vyote saba kwa mkupuo, na programu isiyo makini huvibandika vyote kwa mama wa nane aliye kwenye kiti. Mwenye 165 kwa 110 amekwisha kwenda nyumbani na namba yake iko kwa mwingine. Kinga ni tatu na zote zihitajike: kipimo chenye saa iliyopita zaidi ya dakika 5 kisikubaliwe chenyewe bali kiwekwe kando kikisubiri mtu, muuguzi aone namba na jina kwenye kioo na abonyeze kukubali, na namba iandikwe pia kwa kalamu kwenye fishi ya mama. Saa ya mashine nayo iangaliwe kila asubuhi, kwa sababu betri zikitolewa huenda ikarudi tarehe ya kiwandani.

Fomu iwe kwenye programu inayofanya kazi bila intaneti, kama ODK au KoboToolbox, na itume jioni mtandao ukipatikana. Majumlisho ya mwezi yaingie kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu wa zone ya afya, kama kawaida. Msijenge daftari la pili ambalo wauguzi watalichukia. Kuhusu umeme: tableti mbili hula kama saa-wati 40 kwa siku, modemu ndogo 60 hivi, jumla 100 hadi 120. Paneli ya jua ya wati 50 na betri ya litiamu ya volti 12 na ampea-saa 40 zinatosha na kubakisha akiba ya siku za mawingu. Vifaa vichajiwe kutoka kwenye betri hiyo, si moja kwa moja kwenye soketi: umeme unaporudi baada ya kukatika hurudi kwa kishindo, na kati ya Novemba na Machi kuna radi.

Kanuni za siku ya kwanza ziwe chache, na kila moja iwe na mtu na saa.

Nyekundu: namba ya juu 160 au zaidi, au ya chini 110 au zaidi; degedege; kutokwa damu nyingi; mgao wa mapigo kwa presha 1.7 au zaidi. Au 140/90 pamoja na kichwa kikali, kuona ukungu au maumivu ya chembe ya moyo. Hapa hakuna kusubiri muda wa saa 4 ili kuhakikisha. Kwa mwenye presha kali, rudia kipimo baada ya dakika chache huku mwenzako anaandaa dawa ya kushusha presha kwa protokoli ya PNSR (mpango wa taifa wa afya ya uzazi), nayo itolewe ndani ya dakika 30 hadi 60. Mwenye dalili kali au degedege apewe dozi ya kwanza ya salfeti ya magnesiamu kabla ya safari: gramu 4 kwenye mshipa polepole, na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Kama ampuli zenu ni za asilimia 50, gramu 4 ni mililita 8. Ongezeni mililita 12 za maji ya sindano kupata 20. Someni kwanza maandishi ya ampuli, maana nguvu zake hazifanani, na kalsiamu glukoneti gramu 1 iwe mezani kwa ajili ya pumzi ikizorota.

Njano: 140/90 au zaidi, mgao 0.9 au zaidi, protini 2+, joto 38 au zaidi, mtoto amepunguza kucheza. Huyu haondoki bila kuonwa na muuguzi mkuu au daktari siku hiyohiyo. Presha ya 140/90 irudiwe baada ya saa 4. Asiyeweza kusubiri arudi kesho asubuhi, na jina lake lisomwe kesho asubuhi kwa sauti.

Nasisitiza mtu na saa kwa sababu ya ushahidi uliopo. CRADLE VSA ilijaribiwa katika maeneo kumi ya Afrika, India na Haiti, Ndola nchini Zambia, ng'ambo ya mpaka wetu, ikiwemo, na akina mama zaidi ya 536,000 walijifungua wakati wa jaribio. Matokeo ya mwaka 2019: vifo na matatizo makubwa vilipungua, lakini watafiti walipozingatia tofauti za maeneo na za nyakati, hawakuweza kusema ni kazi ya mashine. Jaribio la CLIP nchini India, Pakistani na Msumbiji, ambako wahudumu wa jamii walibeba tableti yenye kanuni za hatari, nalo halikupunguza matokeo mabaya kwa jumla. Nafuu ilionekana kwa akina mama walioonwa mara nane au zaidi. Mashine ilikuwa nzuri. Kilichobaki ni dawa, usafiri, na hospitali inayopokea. Kwa hiyo kabla ya kuwasha tableti, kaeni na hospitali mnakopeleka wagonjwa, iwe HGR (hospitali kuu ya rufaa) ya Katuba au hospitali ya Sendwe, mpate namba ya simu ya chumba cha kujifungulia inayopokelewa usiku. Ipigeni saa nane usiku mara kadhaa muone.

Mkishazoea, ndipo vifaa viende nyumbani. Bangili za kila mama si lazima. Mashine tano au sita za kukopesha zinatosha kuanzia, kwa waliowahi kupata kifafa cha mimba, wenye presha kabla ya mimba, wenye mapacha. Hao wajulikane siku ya kwanza ya CPN. Maswali matano ya historia yana thamani kuliko sensa yoyote, kwa sababu ndiyo yanayofungua njia ya aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 kwa siku ianze kabla ya wiki ya 20, kwa maelekezo ya daktari. Mama apime asubuhi na jioni, atume SMS ya namba tatu tu, mfano "138 86 90". SMS hupita hata pale intaneti imelala. Kizingiti cha nyumbani ni 135/85, si 140/90, kwa sababu nyumbani presha huwa chini kidogo. Mambo mawili huharibu mpango huu. La kwanza ni mashine kugeuka ya familia: baba mkwe naye anajipima, na siku moja inatumwa 178 kwa 102 ya mzee wa miaka 70. Piga simu uulize, usikemee. Mfundishe mama kutuma yake tu. La pili ni ukimya. Mama asiyetuma kwa siku tatu aingie kwenye orodha ya njano kama aliyetuma namba mbaya, kwani huenda salio limekwisha, au anaumwa hawezi kushika simu. Na ujumbe wa kumjibu usitaje mimba wala ugonjwa. Simu nyingi ni za nyumba nzima, na si kila mama ameshamwambia kila mtu.

Sasa modeli. Kila mama awe na namba moja tangu CPN ya kwanza mpaka kitabu cha kujifungulia. Bila kuunganisha vitabu hivyo viwili hakuna cha kujifunza. Safu za kukusanya mwanzoni: umri wa mimba, mimba ya ngapi, presha zote mbili, protini, kichwa au macho, maumivu ya kifua au kuhema kwa shida, damu ikitoka pamoja na maumivu ya tumbo. Hizo, isipokuwa namba ya chini ya presha, ndizo zilizomo katika miniPIERS, modeli iliyotengenezwa kwa data ya akina mama 2,081 wa Fiji, Uganda, Afrika Kusini, Brazili na Pakistani, kwa wale waliokwisha kuonekana na presha. Ni rigresheni ya lojistiki, hesabu ambayo simu ya kawaida inaiweza, na uzito inaoupa kila kigezo unasomeka. Wanafunzi waanze kwa kuijaribu hiyo kwenye data yenu kabla ya kubuni yao. Umri wa mimba upatikane mapema kwa ekografia (ultrasaundi), kabla ya wiki ya 24. Tarehe za kukumbuka huyumba, na modeli yote huyumba nazo. Hapa akili ya kompyuta imeonyesha faida ya kweli: utafiti wa Lusaka na Chapel Hill, Marekani, uliochapishwa mwaka 2024, ulikuta mhudumu asiye mtaalamu, akipitisha kifaa kidogo cha ekografia tumboni na kompyuta ikisoma picha, anakadiria umri wa mimba karibu sawa na mtaalamu. Kama mfadhili anatafuta pa kuweka pesa, huko naona kunalipa kuliko bangili.

Kiasi: kwa modeli ya vigezo sita msijaribu kitu chini ya matukio 60 ya kweli. Ikiwa wagonjwa ni 3 katika 100, hao ni akina mama 2,000 waliofuatwa mpaka mwisho, na anayejifungulia mahali pengine bila ninyi kujua hahesabiwi kuwa alikuwa salama. Ziara zote za mama mmoja zikae upande mmoja, kufundishia au kupimia. Gawanyeni kwa wakati: fundisheni kwa miezi 12 ya mwanzo, pimeni kwa 6 ya mwisho. Protini ikikosekana kwa sababu bandelete ziliisha, iandikwe "haikupimwa". Kujaza wastani hapo ni kutunga mgonjwa. Na kuna kosa moja ambalo takwimu nzuri hulificha: mama wa 170/115 aliyepewa magnesiamu kwa wakati hakupata degedege, na modeli itajifunza kwamba 170/115 ni salama. Kwa hiyo tukio la kutabiri lijumuishe kupewa magnesiamu na kupelekwa hospitali, si degedege pekee. Modeli ikishasimama, iendeshwe kimya miezi 6: itabiri, isionyeshwe kwa anayehudumia, kisha ilinganishwe na kanuni ya 140/90. Isipoishinda, iachwe, na msione aibu.

Kila mwezi mwanafunzi mmoja akague tarakimu za mwisho za presha. Mashine ya kweli hutoa sifuri kama mara moja katika kumi. Zikizidi sana, au 120/80 ikijirudia ukurasa mzima, kuna mtu anaandika bila kupima, na sababu huwa ni uchovu au betri zilizoisha. Kila miezi 6 mashine iunganishwe kwa mrija wa njia mbili na kipimo cha mkono kinachoaminika; tofauti ikipita mmHg 3 itoke kwenye huduma. Majina yabaki kwenye tableti yenye neno la siri, wanafunzi wapewe namba tu, na mama aombwe ridhaa kwa lugha yake. Code du numérique ya Kongo, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda data binafsi, na habari za mimba ni za kulindwa kwanza.

Mama akijifungua, msifunge faili yake. Presha hupanda tena, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 6, wakati yuko nyumbani na wageni wanakuja kumwona mtoto, na degedege linaweza kumkuta huko ambako hakuna anayepima. Apimwe ndani ya saa 24, kisha siku ya 2 au ya 3, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Aliyekopeshwa mashine aendelee nayo angalau siku 10 baada ya kujifungua, kwa SMS zilezile na kizingiti kilekile, ndipo apewe mwingine.